Kujifunza Kiitaliano kwa Akili Mnemba: Namna ya Kuiagiza Mashine Ikufundishe



Kwa Mkatoliki wa Tanzania, Kiitaliano si lugha ya mbali. Vyuo Vikuu vya Kipapa mjini Roma, kama vile Urbaniana, Laterano na Salesiana, hufundisha masomo mengi kwa Kiitaliano. Mapadre, masista na waseminari wetu wanaotumwa huko kusoma hujikuta pia wakihudumu parokiani, hospitalini na katika nyumba za wazee. Hata hapa nyumbani zipo parokia zilizolelewa na wamisionari kutoka Italia, na baadhi bado zina urafiki na parokia za huko.

Safari hii ya lugha ni ya zamani. Imegeuka mwelekeo tu. Wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa na Mtakatifu Yosefu Allamano mjini Torino mwaka 1901, walifika Iringa mwaka 1919. Ili wahubiri na kuungamisha walipaswa kwanza kukaa chini kama watoto wa shule na kujifunza Kiswahili na lugha za wenyeji. Leo ni zamu yetu kukaa chini.

Ugumu unajulikana. Walimu wa Kiitaliano ni wachache, na vitabu vingi vinavyopatikana vimeandikwa kwa ajili ya watu wanaofikiri kwa Kiingereza. Ndiyo maana wengi wetu sasa tunageukia akili mnemba, yaani programu kama ChatGPT, Gemini au Claude, ambazo unaziandikia swali kwenye simu nazo zinakujibu. Katika makala haya napenda kueleza namna ya kuiagiza mashine hiyo ikufundishe kweli, na kuonyesha mpaka wa msaada wake. Kwa kifupi: mashine inaweza kukuondolea aibu ya kukosea, lakini haiwezi kusema kwa niaba yako mahali ambapo unapaswa kusema mwenyewe.

Agizo ni nini?

Maneno unayoiandikia mashine ili ikujibu nitayaita agizo. Mashine haikujui. Haijui kama wewe ni mtoto wa darasa la tano au padre anayekwenda kuandika tasnifu ya uzamivu. Inachojua ni yale uliyoyaandika. Ukiandika "Nifundishe Kiitaliano", itakupa orodha ya salamu, namba na siku za juma, orodha ileile ambayo ingempa mtu yeyote. Utaisoma, utafurahi, na kesho yake utakuwa umeisahau.

Agizo zuri linafanana na maelezo ambayo mgonjwa anampa daktari. Anayesema "naumwa" hupewa dawa ya maumivu. Anayesema anaumwa wapi, tangu lini, na baada ya kula nini, hutibiwa.

Agizo zuri lina mambo matano: mashine iwe nani, wewe ni nani, leo mnafanya nini, mfanye kwa namna gani, na mashine isifanye nini. Tazama mfano huu:

"Wewe ni mwalimu mvumilivu wa Kiitaliano. Mimi ni mseminari Mtanzania, nazungumza Kiswahili, na ngazi yangu ni A1. Leo nifundishe kujitambulisha tu: jina, umri, nchi na masomo. Eleza kwa Kiswahili rahisi, toa mifano mitano ya Kiitaliano, kisha niulize maswali, moja baada ya jingine. Usinipe jibu sahihi kabla sijajaribu mara mbili."

Tuangalie sehemu zake. Kutaja ngazi kunasaidia kwa sababu Ulaya imezipanga ngazi za kujua lugha katika hatua sita, kuanzia A1 kwa anayeanza hadi C2 kwa aliyebobea, na mashine inazifahamu. Kutaja jambo moja la leo kunaizuia isikumwagie kila kitu kwa mara moja. Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Mashine ina tabia ya kutoa majibu haraka, na jibu ulilopewa kabla ya kulitafuta halikai kichwani. Iagize ikusubiri.

Anzia kwenye Kiswahili chako

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteza mali tuliyo nayo. Usipoiambia, mashine huelekea kukufundisha Kiitaliano kana kwamba umezaliwa London. Itakueleza kwa uvumilivu mkubwa mambo ambayo wewe umeyajua tangu ukiwa mgongoni mwa mama yako.

Chukua mfano wa umri na njaa. Mwitaliano anasema *ho fame*, yaani "nina njaa". *Ho sete*, "nina kiu". *Ho sonno*, "nina usingizi". *Ho fretta*, "nina haraka". Umri pia ni hivyo: *ho venticinque anni*, "nina miaka ishirini na mitano". Anayetoka kwenye Kiingereza lazima aambiwe asiseme "mimi ni njaa". Sisi hatuhitaji somo hilo. Tunahitaji kujua tu kwamba *ho* ni "nina".

Chukua upatanisho wa maneno. Tunasema "kitabu kipya", "vitabu vipya", wala hatushangai kwamba sifa inafuata jina. Kiitaliano kinafanya vilevile, ila mabadiliko yanatokea mkiani badala ya kichwani: *il libro nuovo*, *i libri nuovi*, *la casa nuova*, *le case nuove*. Majina yao yana makundi mawili tu, la kiume na la kike. Mtu aliyezoea ngeli zetu zote asiogope makundi mawili.

Hata vighairi vyake tunavyo. Maneno mengi ya Kiitaliano yanayoishia na *-a* ni ya kike, lakini husemwa *il Papa*, *il profeta*, kwa sababu anayetajwa ni mwanamume. Sisi nasi tunasema "kipofu ameingia", hatusemi "kimeingia", ingawa neno linaanza na ki-. Maana imelishinda umbo.

Mfano wa mwisho ndio unaowatesa wageni wengi. Kiitaliano kina namna ya kitenzi inayotumika kwa kutaka, kuomba na kutumaini. Wao huiita *congiuntivo*. "Maria anasoma" ni *Maria legge*, lakini "Nataka Maria asome" ni *Voglio che Maria legga*. Sikiliza Kiswahili chako: anasoma, asome. Kitenzi chetu nacho kimebadilika, kimechukua irabu ya mwisho tofauti, kwa sababu ileile: kinachotajwa bado hakijatokea, kinatakwa. Matumizi ya lugha hizi mbili hayalingani kila mahali, lakini mlango wa kuingilia ni huo.

Basi andika agizo la namna hii: "Nieleze *congiuntivo* kwa kuilinganisha na vitenzi vya Kiswahili kama 'asome', 'aje', 'tuombe'. Nionyeshe kwanza mahali lugha hizi mbili zinapofanana, kisha mahali zinapotofautiana. Usitumie Kiingereza." Ukishapata maelezo, yasome kwa jicho kali. Mashine hizi zimelishwa maandishi mengi sana ya Kiitaliano na machache zaidi ya Kiswahili, hivyo mara nyingine Kiitaliano chake kitakuwa safi na Kiswahili chake kitayumba. Kuhusu Kiswahili, mwalimu ni wewe.

Jicho, sikio na ulimi

Kiitaliano, kama Kiswahili, husomwa karibu kama kinavyoandikwa, na maneno yake mengi huishia na irabu. Hiyo ni neema. Lakini kuna herufi zinazotutega kwa sababu tunazijua kwa sauti nyingine. Herufi *ch* kwao ni k: *chiesa*, kanisa, huanza kwa k. Herufi *c* ikifuatwa na *e* au *i* ndiyo inayotoa sauti yetu ya ch: *cena*, chakula cha jioni, ni "chena". Herufi *gn* ni ny: *agnello*, mwanakondoo, ni "anyello". Na *h* mwanzoni mwa neno haitamkwi kabisa: *ho* ni "o".

Mtego mkubwa zaidi ni konsonanti mbili mfululizo. Kwetu kwa kawaida hazibebi maana, kwao zinabeba. *Cappello* ni kofia, *capello* ni unywele. *Penna* ni kalamu, *pena* ni adhabu au uchungu. Na kwenye umri tuliotaja hapo juu, *anni* itamkwe kwa kukaza n, kwa sababu *ano* yenye n moja ni sehemu ya mwili isiyotajwa mezani kwa Askofu.

Iagize mashine hivi: "Nipe jozi kumi za maneno ya Kiitaliano yanayotofautiana kwa konsonanti moja na mbili. Andika matamshi yake kwa tahajia ya Kiswahili, na maana yake. Kisha nitungie sentensi fupi kwa kila neno." Ila kumbuka kwamba ukiiandikia tu, haijasikia ulimi wako. Tumia sehemu ya sauti kama simu yako inayo, au jirekodi na ujisikilize ukilinganisha na msemaji mwenyewe.

Wasemaji wenyewe wanapatikana bila malipo. Radio Vatican na Vatican News hutangaza kwa Kiitaliano na kwa Kiswahili pia. Soma habari moja kwanza kwa Kiswahili, halafu itafute kwa Kiitaliano. Tayari unajua inasema nini, kwa hiyo akili yako inabaki na kazi moja tu ya kushika maneno. Dominika mchana, Baba Mtakatifu anapoongoza sala ya Malaika wa Bwana, huzungumza kwa Kiitaliano, taratibu na kwa ufupi. Nakili aya moja ya hotuba hiyo, ipe mashine, na uagize: "Niulize maswali matano kuhusu aya hii kwa Kiitaliano cha A2. Usinitafsirie."

Utamaduni: usiulize "Waitaliano wakoje?"

Ukiiuliza mashine kuhusu utamaduni wa Italia kwa jumla, itakujibu kwa pizza, tambi, kandanda na watu wanaoongea kwa mikono. Ni sawa na mgeni anayeuliza kuhusu Tanzania akaambiwa Mlima Kilimanjaro na simba. Si uongo, lakini hakuna mtu aliyekutana na mtu.

Italia kama nchi moja ilizaliwa mwaka 1861 tu. Kabla ya hapo palikuwa na falme na madola mbalimbali, na watu wengi walizungumza lahaja za kwao. Lugha sanifu ilitokana na Kitoskana cha Firenze, kilichopata heshima kupitia waandishi kama Dante, na Accademia della Crusca iliyoanzishwa huko mwaka 1583 ilitoa kamusi yake ya kwanza mwaka 1612. Sisi tunalielewa jambo hili kwa urahisi: Kiswahili sanifu nacho kilijengwa juu ya Kiunguja, na lahaja nyingine hazikufa. Kwa hiyo bibi wa Napoli na kijana wa Milano hawali, hawasalimiani wala hawatanii kwa namna moja. Unapoandika agizo, taja mkoa, umri wa mtu na mahali.

Taja pia heshima. Kwa rafiki Mwitaliano husema *tu*. Kwa mtu asiyemjua vizuri au anayemheshimu husema *Lei*, na kitenzi kinakwenda kana kwamba anamsema mtu wa tatu. Sisi hatuna tofauti hiyo katika "wewe", lakini tuna "shikamoo", na baadhi ya lugha zetu za makabila humheshimu mkubwa kwa kumwita kwa wingi. Kumwambia mzee *ciao* mara ya kwanza mnapokutana ni kama kijana kumwambia mzee wa kanisa "mambo".

Hata majina ya mapadre yana utaratibu. Padre wa jimbo huitwa *don*, neno lililotokana na neno la Kilatini *dominus*, bwana. Padre mtawa huitwa *padre*. Ndiyo maana tunamjua Padre Pio, aliyekuwa Mkapuchini. Mtu atauliza: mbona Don Bosco aliyeanzisha shirika la Wasalesiani anaitwa *don*? Ni kwa sababu Wasalesiani wameendelea kutumia *don* hadi leo. Na ukisikia padre anakualika *al bar* saa mbili asubuhi, usishtuke. Kwao *bar* ni mahali pa kunywea kahawa, mara nyingi kwa kusimama. Hapo *cappuccino*, kinywaji kilichopata jina kutokana na rangi ya kanzu ya Wakapuchini, ni cha asubuhi. Baada ya chakula cha mchana wengi hunywa kahawa nyeusi kidogo tu.

Baada ya kuyajua hayo, fanya igizo:

"Jifanye bibi wa miaka 80 katika kijiji cha Umbria. Umekutana nami, padre mgeni kutoka Tanzania, mlangoni mwa kanisa baada ya Misa ya asubuhi. Zungumza Kiitaliano rahisi cha A2, sentensi moja au mbili kwa zamu, kisha unisubiri nijibu. Mimi nitakuita *Lei*. Nikikosea, endelea na mazungumzo. Mwishoni nitajie makosa yangu matatu makubwa kwa Kiswahili."

Hapa utaona faida halisi ya chombo hiki. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kwanza cha *Maungamo*, anaeleza kwamba Kilatini alikishika tangu utotoni bila woga, kati ya walezi waliocheka na kucheza naye, lakini Kigiriki alikichukia kwa sababu alifundishwa kwa vitisho na adhabu. Anahitimisha kwamba udadisi huru una nguvu zaidi kuliko woga katika kujifunza lugha. Watu wazima tuna woga wetu: tunaogopa kuchekwa. Mashine haicheki wala haichoki. Unaweza kukosea neno moja mara ishirini na ikakujibu kwa utulivu uleule.

Lakini soma habari ya Augustino hadi mwisho. Anasema alijifunza kwa sababu moyo wake ulitaka kutoa mawazo yake, na maneno aliyapata kwa watu waliozungumza naye. Walezi wale walimpenda na walitaka kumsikia. Bibi wa Umbria uliyemtengeneza kwa agizo hakusubiri wewe useme. Bibi wa kweli anasubiri.

Mahali mashine inapokosea

Mwaka 1980 mwanafalsafa John Searle alitoa mfano unaojulikana sana darasani. Mtu asiyejua Kichina amefungiwa chumbani na kitabu cha kanuni. Anapokea karatasi zenye herufi za Kichina, anafuata kanuni, na kutoa nje herufi nyingine. Walio nje wanadhani aliyemo anajua Kichina, kumbe haelewi hata neno moja. Wanafalsafa bado wanajadiliana kama mfano huo unatosha kuhukumu mashine za leo, lakini unatuachia onyo la manufaa: sentensi iliyopangwa vizuri si uthibitisho kwamba kilichosemwa ni kweli. Mashine hizi hufanya kazi kwa kukadiria neno linaloelekea kufuata, kutokana na maandishi mengi zilizolishwa. Hukosea kwa sauti ileile ya uhakika zinayotumia zinapopatia.

Nitoe mfano unaotuhusu. Misale mpya ya Kiitaliano ilianza kutumika parokiani tangu Majilio ya mwaka 2020, na ndani yake sala ya Baba Yetu ilibadilika: neno *anche*, "pia", liliongezwa katika ombi la msamaha, na ombi linalohusu majaribu liliandikwa upya. Lakini maandishi ya karne nyingi yana maneno ya zamani. Ukiiomba mashine sala hiyo, inaweza kukupa ya zamani bila kukuonya, nawe ukasimama mbele ya waamini na kusali tofauti nao. Matini ya Liturujia na ya Maandiko Matakatifu chukua kwenye vitabu rasmi vya Baraza la Maaskofu wa Italia. Mashine itumie kukueleza sarufi yake tu.

Kwa maneno ya kawaida, hakiki kwenye kamusi ya Treccani, ambayo inasomeka bure mtandaoni. Usidhani kwamba kuiuliza mashine "una uhakika?" ni kuhakiki. Mara nyingi itaomba radhi na kubadili jibu, hata kama la kwanza lilikuwa sahihi.

Simu haiingii kwenye kiti cha maungamo

Baadhi ya wenzetu husema: kwa nini tuhangaike, wakati simu siku hizi inatafsiri papo hapo? Kwa kununua tiketi ya treni, wana haki. Lakini fikiria mzee wa Kiitaliano aliyelala hospitalini, akitaka kuungama. Sheria ya Kanisa inalinda siri ya maungamo kwa nguvu zote (Kan. 983). Inaruhusu mtu kuungama kwa njia ya mkalimani (Kan. 990), lakini mkalimani huyo naye anabanwa na wajibu wa kutunza siri. Mkalimani ni mtu; ana dhamiri, anaweza kuahidi na kunyamaza. Programu ya simu haina dhamiri ya kubanwa, na nyingi hutuma maneno yanayosemwa kwenye kompyuta za mbali usizozijua. Padre aliyetegemea simu atasimama pale kitandani akiwa bubu, na mzee yule atakuwa amekosa kitu ambacho hakuna programu inayoweza kumpa.

Hoja hiyo inamhusu pia sista muuguzi anayeambiwa na mgonjwa jambo la aibu, na mlei anayewaandikia marafiki wa parokia yake habari za familia yenye shida. Kwa sababu hiyo, hata wakati wa mazoezi, usiingize kwenye mashine majina ya watu, barua za waamini wala habari zao za siri. Tunga mifano ya kubuni.

Kanisa halikatai chombo hiki. Tamko la *Antiqua et nova*, lililotolewa na Mabaraza mawili ya Kipapa tarehe 28 Januari 2025, linaitambua akili mnemba kama tunda la akili ambayo Mungu amempa mwanadamu, na wakati huohuo linakumbusha kwamba katika elimu uhusiano hai kati ya mwalimu na mwanafunzi hauna mbadala. Waitaliano wenyewe wana kumbukumbu ya jambo hili. Kuanzia mwaka 1960 hadi 1968, mwalimu Alberto Manzi aliwafundisha watu wazima kusoma na kuandika kupitia televisheni ya taifa, RAI. Chombo kilikuwa kipya na kilifika mbali, na wengi walikusanyika pamoja katika vituo maalumu kukitazama. Kioo kilileta somo, na aliyekaa kando yako alikusaidia kulishika.

Ratiba ya nusu saa

Kwa kuwa wengi wetu tuna muda mfupi wa intaneti na bando dogo, andika maagizo yako kwenye daftari kabla ya kuwasha simu. Dakika tano, rudia maneno ya jana bila kutazama. Dakika kumi, jifunze jambo moja jipya la sarufi kupitia Kiswahili. Dakika kumi, fanya igizo. Dakika tano za mwisho, zima simu na uandike kwa mkono sentensi tano za Kiitaliano kuhusu siku yako. Kesho iagize mashine izikague. Maandishi hula bando kidogo kuliko sauti na video, kwa hiyo mazoezi ya sauti yaweke siku mbili au tatu kwa juma.

Mara moja kwa juma, tafuta mtu. Kama parokia yako ina sista au padre Mwitaliano, au padre wetu aliyesoma Roma, mwombe robo saa baada ya Misa. Kama hayupo, mtafute mwenzako anayejifunza, na mzungumze hivyohivyo mlivyo. Zungumza naye yale uliyoyafanyia mazoezi na mashine: umri wako, kwenu, umekula nini, unasoma nini. Utakwama mahali ambapo mashine haikukukwamisha, na mahali hapo ndipo agizo lako la kesho litakapoanzia.

Mungu akubariki katika juhudi zako. *Buono studio!*